Chupa Moja, Kisahani Kimoja

Volosi, katikati ya Septemba

Mdogo wangu mpenzi Kaliroi,

Pokea salamu zangu, na za wifi yako Areti aliyeketi hapa dirishani akichambua zabibu. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba mvua ya Trikala haijalitoboa tena paa la jikoni kwako. Sisi tu wazima. Neno hilo huwa naliandika kwa mazoea. Leo naomba ulisome polepole, kwa sababu nalimaanisha.

Unajua tulivyoondoka. Areti alipotoka hospitali, daktari alisema ugonjwa umekwisha na kilichobaki ni kula, naye akawa hali. Ulipanda ngazi zetu kila adhuhuri na sufuria ya supu ya kuku na limau, ukashuka nayo imejaa, na siku moja nilikusikia ukilia ngazini. Akakonda hadi nguo zake zikawa kama za kuazima. Nikamleta baharini, nikitumaini samaki wataweza walichoshindwa kuku.

Asubuhi za Volosi ni za mji usiojua kama umeamka. Ukungu hushuka taratibu kutoka mlima Pilio, ghuba hutulia kama maziwa kwenye bakuli, na boti huonekana zimening'inia hewani. Tulitembea ufukoni bila haraka na bila tuendako, kama watu walioingia katika ndoto ya mtu mwingine. Mchana tukaketi kwenye mkahawa wa Bi Fotini, nyuma ya soko la samaki, nami nikafanya kosa la mtu wa bara: nikaomba orodha ya vyakula, nikaagiza samaki wa kuchemsha na wali mweupe.

Mhudumu, jitu la masharubu liitwalo Thraso, akaangua kicheko. "Mwalimu, umetokea wapi wewe?" Sijui alijuaje kazi yangu, labda nilivyomwinulia kidole. "Hapa chakula hakiagizwi. Agiza chupa ya tsipuro, chakula kitajileta chenyewe."

Niruhusu nikueleze, maana kwetu tsipuro, pombe yetu kali ya zabibu, tunainywa lakini utaratibu huu hatuna. Unaagiza chupa, ndogo kama ya dawa ya kikohozi. Inakuja na kisahani ambacho jikoni wamekichagua wao, matonge mawili matatu tu. Ukiimaliza ukaagiza nyingine, kinakuja kisahani kingine, tofauti na cha kwanza na kitamu zaidi. Kitakachofuata hukijui, huwezi kukiomba, wala huwezi kukirukia.

Kwanza vilikuja vipande viwili vya pweza wa kuchoma. Areti akageuza uso kama kawaida. Nikaanza wimbo wetu ule: kidogo tu, kwa ajili yangu, kimoja kwa ajili ya Kaliroi. Thraso alikuwa akipita na sinia. "Mwache mama wa watu, mwalimu! Pweza kashakufa, hakimbii."

Nikaona haya, nikaitazama bahari. Nilipogeuka, kipande kimoja cha pweza hakikuwepo. Nikamshuku paka.

Chupa ya pili ilileta kome waliopikwa na wali, na safari hii nilimwona mwizi. Alikula akitazama mbali, kama mtu anayewaza mambo mengine. Kisha akamuuliza Thraso chupa inayofuata itakuja na nini. Thraso akasema hata yeye hajui, na Bi Fotini hasemi. Areti akakigeukia kikombe changu, kilichokuwa bado nusu.

"Maliza hicho, Prodromo. Unatuchelewesha."

Tumerudi huko kila mchana. Amekula bilinganya ya kuchoma, dagaa wa kukaanga, ngisi, kamba na jibini. Juzi alisema kwa sauti kwamba mkate umezidi kwenye rojo la kitunguu saumu, kokwa za jozi ndizo zingefaa. Bi Fotini akatoka jikoni mikono kiunoni akiuliza nani huyo anayemfundisha kazi. "Mimi," akajibu Areti, mdomo umejaa. Jana rojo lililetwa na jozi.

Sasa nikwambie yaliyonifanya niandike. Jana jioni, tukiwa kwenye benchi la ufukoni, nilimuuliza kwa nini huku anakula. Alisema supu yako haikuwa na kosa lolote, Kaliroi, na usije ukafikiri hivyo. Akasema kila tuliposimama mbele yake na kijiko, hakuona supu. Aliona nyuso zetu, na kwenye nyuso zetu alijiona amekwisha kufa. Huku hakuna anayemtazama. Na tena, kila mara kuna kisahani ambacho hajakiona, akajikuta anakingoja.

Tulimpenda vibaya, mdogo wangu, mimi na wewe, kwa mapenzi yetu yote.

Nakiri na jingine. Pasaka uliniapisha nisiguse tsipuro kwa sababu ya presha. Nimeigusa. Bila chupa hakuna kisahani, ungenishauri nini? Tunagawana, funda lake, funda langu, lakini sisi ni wazee, na chupa ya nne hutushinda. Meza ya jirani, wavuvi wastaafu, huifikia ya tano. Hapo Bi Fotini huleta kitu kilichofunikwa, kinachotoa moshi, na wale wazee huvua kofia. Areti hukikodolea macho mpaka naona aibu.

Anasema basi la Jumamosi linakufaa. Najua hujawahi kuingia nyumba ya mtu bila kubeba kitu, wala mama yetu hakuwahi. Lakini ombi ni lake, nami naliandika alivyolisema: usilete sufuria, usilete hata limau. Njoo mikono mitupu, uketi ukiitazama bahari, na unywe. Tunahitaji mtu wa tatu.

Wasalimie majirani wote wa ngazini. Busu la Areti liko humu.

Kaka yako akupendaye,
Prodromo