Nusu ya Samaki Inapotelea Njiani

Kamina, 3 Juni 2024

Yaya Séphora,
Jambo sana. Mafua yako imekwisha? Minyi niko nguvu sawa ng'ombe ya kwenu Kaniama. Naandika juu réseau ya simu ya kule inalala kuliko weye. Zébédée wako anakuletea barua hii na kitunga ya samaki makavu na pikipiki yake. Nilinunua kwa Kasanda sokoni, nikasoma mizani minyi mwenyewe: kilo arobaini. Soko muzima, hakuna jicho ya mbio sawa yangu!
Mudogo yako, Élisha

Kaniama, 7 Juni

Mudogo wangu,
Asante, mafua imekwisha. Mama iko muzima? Sasa niambie: hapa naona kilo ishirini na kidogo. Kamba ya kitunga haikukatwa. Na wazazi ya Zébédée banakuja mwisho wa mwezi kuniomba! Niolewe na muntu mwenye kula samaki yetu njiani?
Yaya yako, Séphora

Kamina, 12 Juni

Yaya,
Mama iko bien, anakusalimia. Si nilijua! Muntu mwenye kucheka mingi vile iko na kitu mu mufuko. Kufungua kamba na kuifunga tena, hata mutoto anaweza. Umukatae. Barua nimetia gundi, juu ni yeye mwizi anaibeba, masikini. Na usisingizie mizani: iko ya resori, ile chuma ya kujizungusha yenye kuvutika, mupya. Tunatundika kitunga, tunaiachilia paf! Sindano inashuka, nasoma pale chini kabisa, mbele ya sindano kurudia juu kunidanganya.
Mudogo mwenye macho, Élisha

Kaniama, 16 Juni

Élisha,
Salamu kwa mama. Pale chini kabisa? Weye ulikimbia masomo mbele ya kufika kwa resori. Minyi naifundisha kila mwaka. Sikia. Kitunga ikianguka, nishati ya kule juu inageuka mwendo, mwendo unaingia mu resori. Inapita pale uzito na resori vinalingana, inaendelea mpaka mwendo unakwisha. Pale chini resori imevutwa mara mbili ya pale vinalingana, njo maana inarudisha kitunga juu, na njo maana sindano inasema kilo mara mbili. Nishati haipotei, inabadilika tu. Ushushe na mukono, polepole, ungoje sindano itulie. Haraka, tafazali: nimekwisha kumuambia Zébédée wazazi yake basikuje. Hakuuliza hata sababu.
Yaya yako

Kamina, 21 Juni

Yaya,
Salamu, leo bila kelele. Nimeshusha kitunga ingine polepole: ishirini na kidogo. Nikaachilia paf: arobaini. Kasanda akaangalia pembeni. Yeye njo alinifundisha kusoma mbio. Zébédée ananingoja inje, na minyi, Élisha muzima, nashindwa kumuangalia. Wazazi bakuje! Lakini usimuonyeshe ile barua ya kumuita mwizi. Hii nimetia gundi mara mbili.
Mudogo yako

Kaniama, 24 Juni

Mudogo,
Tuko bazima. Gundi yako ilifika imefunguka. Zébédée anakubali: barua zetu alizisoma zote, tangu ya kwanza, akazifunga, akazileta. Nikamuuliza, hata ile ya mwizi? Akacheka ule mucheko wake: "Barua ile ingepotelea njiani, ungeniamini?"
Wazazi yake banakuja Jumapili.
Lakini barua hii nimeituma na gari ya moshi.
Yaya yako, Séphora