Milimita Moja ya Shemeji Yako

Shoga, shemeji yako ameniaibisha! Ndiyo kwanza tumerudi kutoka kwa daktari.

Amepimwa mishipa ya shingo. Daktari akamwambia, "Ukuta wa mshipa wako umenenepa. Milimita moja nukta moja."

Na unamjua, yuko kwenye uashi miaka thelathini sasa. Akacheka! "Milimita moja? Daktari, hiyo hata plasta haiitwi. Hiyo ni rangi!"

Rangi, shoga. Alisema rangi.

Kisha akajisifu: "Ukuta mnene ndio unaodumu." Akampa daktari mkono, kama wanakabidhiana nyumba.

Daktari hakucheka. "Huanguki leo. Lakini hiyo ni ishara ya hatari ya moyo na kiharusi miaka ijayo, na sigara zako zinaizidisha. Hebu niambie fundi, koridoni ukipiga plasta juu ya plasta kila mwaka, itakuwaje?"

Akafikiri kifundi kabisa. "Itabana. Mwisho hata jeneza halipiti."

Alipolisikia neno lake mwenyewe, mkono ukaenda mfukoni.

Akatoa pakiti ya sigara, akaiacha mezani kwa daktari.

Sasa yuko koridoni kwetu na futi mkononi, anapima. Kiberiti bado kiko mfukoni.