Beneti za Baba

Kiptere,
14 Juni 1992

Mpendwa ndugu yangu Kipkoech,

Chamgei! Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Baba. Natumaini baridi ya huko Amerika imepungua, goti lako limepona na umeanza kukimbia tena. Sisi huku ni wazima wa mwili, ila tumechoka. Mvua imenyesha vizuri na chai imejaa, lakini nachuma peke yangu, na siku nyingine lori la kiwanda haliji, majani yananyauka tu kwenye kituo.

Ile beneti uliyompa daktari wa misheni atuletee ilifika baada ya Pasaka. Baba alishinda nayo kwenye kiti chake, akaipaka mafuta ya cherehani, akanionyesha herufi za U.S. na mwaka wa 1917. Kisha akaitundika sebuleni, kati ya ile ndefu ya 1906 na ile kuukuu ya pembe tatu isiyoweza kukata hata sukuma wiki, ya kudunga tu. Unajua wageni walivyokuwa wakimcheka, mzee mwenye ng'ombe na chai kukusanya visu vya bunduki za Wamarekani. Yeye huwajibu kwamba tangu yule askari Mmarekani alipombadilishia ya kwanza kwa blanketi vitani kule Burma, amekuwa akitaka tu kuzijua ndugu za beneti hiyo.

Sasa nikueleze yaliyotupata. Sijui redio za huko zinasema nini, lakini vita vya mashamba, vya kuwafukuza watu wa makabila mengine, vimetufikia. Kule Chepseon nyumba zimechomwa. Jumamosi moja jioni vijana walikuja hapa, wengine nimesoma nao. Walivua kofia, wakamwamkia Baba kwa heshima, wakasema wanakusanya silaha kila boma na yeye anazo nyingi zinaning'inia bure. Baba akawauliza wanataka kumchoma nani. Akawauliza kama ni Obiero, jirani yetu, fundi wa kiwandani aliyetoka upande wa ziwa kabla mimi sijazaliwa. Mmoja akamjibu, “Mzee, hii si maneno ya mtu mmoja.” Baba akawafukuza. Wakasema watarudi, na wakirudi hawataomba.

Asubuhi yake Baba hakwenda kanisani. Alinituma nimwite Obiero aje na msumeno wa chuma. Obiero alipoambiwa azikate zote alisita, akasema, “Lakini Mzee, hizi ndizo furaha yako.” Baba akamwambia, “Kata. Mimi nimezishika vitani, najua kazi yake.” Wakakaa nyuma ya zizi, mmoja ameshika, mwingine anakata, mpaka mikono ya Obiero ikatoka malengelenge. Ile ya Burma Baba aliikata mwenyewe. Yunia, mke wa Obiero, aliwaletea uji, akawakuta wameketi kati ya vipande, akauweka chini akaondoka.

Lakini moja haikuwepo, Kipkoech. Ile uliyotuma wewe. Baba alidhani wale vijana waliichomoa walipokuwa wakitoka. Mimi nilijua sivyo, kwa sababu niliiona ukutani nikifunga mlango usiku, na asubuhi mdogo wetu Kipkurui hakuwa kitandani kwake.

Jioni hiyo polisi walimkamata Kipkurui karibu na ua wa Obiero, beneti ikiwa ndani ya koti. Hakuwa amemgusa mtu. Siku ya pili Obiero na Yunia walipakia vitu kwenye trekta wakaenda kwao, Yunia akilia na kuniachia kuku wake. Baba alimshika Obiero mkono mpaka dereva akapiga honi.

Kipkurui sasa yuko rumande Kericho. Nampelekea chakula na sabuni. Amekonda sana. Anasema alikuwa amekwenda kumlinda Obiero, kwamba alisikia wenzake watakuja usiku ule. Baba anamwamini kabisa. Mimi sijui. Namtazama usoni, mtoto niliyembeba mgongoni Mama alipofariki, na bado sijui.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Polisi hawakufika pale kwa bahati. Wakati Baba na Obiero walipokuwa wakikata vyuma, mimi nilijifanya naenda kuteka maji, nikaenda kituo cha polisi, nikawapa jina la ndugu yetu na kuwaambia alichobeba. Niliogopa Obiero atauawa na kisu kilichotoka nyumbani kwetu. Hata leo ningekwenda. Lakini kila jioni Baba anatupigisha magoti, mimi na yeye tu, anamwomba Mungu amfunulie mtu aliyemuuza mtoto wake. Anaomba kwa muda mrefu. Akimaliza, mimi ndiye wa kusema Amina, na ninasema.

Tafadhali usimwandikie Baba habari hii. Niandikie mimi, kupitia kwa mwalimu Janeffer shuleni, uniambie kama nifunge mdomo au niseme. Nitafanya utakavyoniambia, sina nguvu tena ya kuamua.

Baba anakusalimu, anasema ule vizuri na usiache kusali. Nisalimie wote mnaokimbia nao. Mungu akutunze huko uliko.

Ni mimi dada yako,
Tecla Chepkosgei