Kikomo cha Themanini

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Laptop mpya imefika! Studio imenipa kwa sababu betri ya ile ya zamani ilikufa kabisa. Ukichomoa waya tu, giza. Na umeme wa hapa Antananarivo unavyokatika, mchora katuni bila betri ni sawa na mpishi bila moto. Filamu yangu ya bata anayekataa kupikwa sikukuu imeingia fainali ya shindano la katuni – tarehe kumi na tisa nawaeleza majaji wa ng'ambo kwa video. Nimekaa kitandani nimeikumbatia laptop. Bado inanuka boksi.

Jumatano, 6 Novemba

Feno alikuja mezani kwangu leo. Feno anayerekodi sauti za katuni zetu – mrefu, anayecheka polepole. Akauliza kama ile ya zamani nilikuwa naiacha kwenye umeme kutwa. Nikasema ndiyo, mia kwa mia kila siku, tena kwa kujivuna. Akatikisa kichwa kama daktari. Kumbe ndivyo nilivyoiua! Betri ikikaa imejaa pomoni muda wote inazeeka upesi. Akainama, akafungua mipangilio, akaweka kikomo: ikifika themanini, chaji inasimama yenyewe.

Nikamwambia, wewe unaitwa Feno, yaani “iliyojaa” kwa Kimalagasi chetu, halafu unakataza watu kujaza? Alicheka mpaka miwani ikamteleza. Alinukia kahawa. Nusu ya maelezo sikuisikia.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemwomba anieleze tena. Nilikuwa nimeshaelewa.

Jumapili, 10 Novemba

Mama hataki kusikia habari ya kikomo. Chombo ni cha kujazwa, anasema. Mgeni akija utampa nini, hewa? Nikamwambia betri ni kama mtoto, ukimshindilia chakula kila mlo atadhurika. Akajibu kwamba mimi alinishindilia wali asubuhi, mchana na jioni, na nimekua. Nikaongeza wali.

Ijumaa, 15 Novemba

Mama ameokoka! Simu ya jirani yetu Lalao, ambayo haijawahi kutoka kwenye chaja, betri imevimba mpaka kioo kimebanduka. Mama kaiona kwa macho yake. Jana jioni nzima alipita nyumbani akichomoa vitu. Simu yangu. Tochi. Hata pasi, ambayo haina betri.

Nimemsimulia Feno. Kacheka, kisha kasema angependa kuonana na mama huyo. Kuonana na mama! Nimepanda ngazi zote za mtaani kwetu bila kuhema.

Jumatatu, 18 Novemba

Kesho majaji. Feno kasema kikomo ni cha siku za kawaida. Siku ya safari unajaza, haitakufa kwa mara moja. Nimekiondoa, nimechomeka chaja. Ulale salama, mpenzi. (Laptop. Si Feno. Haya, wote wawili.)

Jumanne, 19 Novemba

Naandika mbiombio, na bado nacheka.

Asubuhi naamka – themanini! Mama aliiona imefika hapo akaichomoa. “Bakoly, nimekuokolea mgonjwa wako,” anasema, uso umemng'aa. Ningemgombezaje? Nikachomeka haraka, na umeme ukakatika palepale. Nikamtumia Feno ujumbe: maneno mawili, “umeme umekatika”, na uso unaolia.

Intaneti nikachukua kwenye simu. Majaji wakachelewa. Walipokuja, wakataka nifungue michoro yenyewe, tukio kwa tukio, na ile programu inanyonya betri kama ndama aliyefungiwa kutwa mbali na mama yake. Bata wangu anakimbia sufuria, majaji wanacheka, mimi jicho moja liko pembeni ya kioo. Arobaini. Ishirini na tano. Ikageuka nyekundu. Mwanamama wa katikati, mwenye shanga nzito, akaniuliza kwa nini bata haongei. Nikasema kwa sababu yeye peke yake ndiye mwenye hoja. Sijui jibu hilo lilitoka wapi! Wakaandika.

Mlango ukafunguliwa. Feno, ameloa mvua, matope mpaka magotini, kashika betri ya akiba kama mtu aliyebeba yai. Akapita kwa kutambaa asionekane kwenye kamera, akachomeka. Nikamnong'oneza, nayo ina themanini? Akanong'ona, “Hii nimeijaza mpaka juu. Usimwambie mtu.”

Majaji wameenda kushauriana. Watanipigia tena.

Sasa Mama kamkalisha Feno jikoni, upande wa pili wa pazia. Kampa kisamvu chenye nyama ya nguruwe na maji ya ukoko wa wali, kinywaji chetu cha kila mlo. Nasikia kila kitu. Kamuuliza kwao ni wapi. Kamuuliza kama wazazi wako hai. Anajibu kwa adabu, mdomo umejaa. Sahani imeongezwa – nasikia mwiko.

Kisha Mama, kwa sauti ileile ya kuuliza habari za mvua:

“Mwanangu, umepanda ngazi zote hizo kwa ajili ya kompyuta au kwa ajili ya Bakoly?”

Kijiko kimewekwa chini.

Laptop inaita. Ni majaji! Kitufe cha kijani hiki hapa, mbele yangu. Inaita tena. Nitapokea, nitapokea sasa hivi – ngoja kwanza, Feno amekohoa, anasema…