Shemeji Yoeli, Wamenichagua Mimi

Shemeji Yoeli,

Huko uliko tafuta kiti kwanza, maana hii habari utaanguka. Wazee wa kanisa walikaa, wakaomba Mungu, kisha wakanichagua mimi niwe shemasi pahali pako. Mimi Tambwe, muntu wa kostimu ya bluu, niliyeacha shule mapema lakini nikafika Kampene, Goma na Kisangani, na kila pahali wakanijua jina. Pasta alinipa mpaka Jumapili nijibu. Tangu siku ile usingizi umenikimbia. Ni furaha, shemeji. Sawa, na woga kidogo.

Dada yangu, muke yako, alicheka mpaka akashika mulango. Halafu akalia. Halafu akasema, «Yoeli angefurahi, lakini angekuchunga.» Yeye iko muzima, bustani ya Alunguli inatoa majani mingi ya sombe. Binti yenu Neema aliolewa Kibombo, amezaa mutoto mwanaume, wakamuita Yoeli. Anapiga kelele kuliko wewe maisha yako yote.

Kitu kilichonisumbua ni hiki: wewe ulikuwa muntu asiyejua uongo, na mimi niko mudomo mutupu. Unakumbuka wakati ya vita, ile barieri ya askari karibu na pale tunapovukia muto? Ulibeba sufuria ya wali juu ya kichwa, unapelekea wagonjwa waliokimbilia ng'ambo. Askari akauliza, «Wewe ni nani?» Ukajibu, «Mimi ni shemasi.» Yeye akasikia vibaya. «Shemeji? Shemeji ya nani?» Bunduki iko kwenye kifua yako, na wewe unataka kumufundisha neno. Nikaruka: «Shemeji yangu, afande, ameoa dada yangu.» Hata sikudanganya. Akauliza kama ulimaliza mahari. Nikasema imebaki mbuzi moja. Na wewe, chini ya ile sufuria, na ile bunduki, ukasema, «Hapana, afande. Nililipa yote, huyu anadanganya.»

Askari alicheka mpaka akakaa chini. Tukapita. Kwenye mutumbwi hukunisemesha mpaka ng'ambo, kwa sababu ya mbuzi. Mimi nilikuwa nasema moyoni, huyu muntu atatuua na ukweli wake. Wagonjwa walikula siku ile.

Sasa sikia. Juzi asubuhi Dada alinituma: «Muzee Ramazani anauliza shemasi iko wapi.» Unamujua, yule wa karibu na musikiti, tuliyekimbia naye porini. Nilisema, huyu ni Muislamu, anatafuta shemasi ya nini? Lakini nilifunga kravati kwenye shingo. Njiani, juu ya pikipiki, nilijifunza mustari moja ya Biblia kwa sauti, mwenye kuiendesha akaitika amina.

Nikafika, nikasimama vizuri, nikaanza. Muzee akainua mukono. «Wacha hiyo, mutoto. Kucha.»

Sikuelewa. Akafunua miguu. Shemeji, macho yake haioni tena, mikono inatetemeka, na zile kucha zilikuwa zimejikunja kama pembe ya mbuzi. Akasema, «Yoeli ndiye alikuwa ananikata. Tangu afe hakuna aliyekuja.»

Hukuambia muntu. Hata dada yangu hakujua, na mulilala kitanda kimoja. Mimi ningekata kucha ya kidole kimoja tu, kabla ya saa sita Kindu yote ingekuwa na habari.

Nilivua koti. Nikaomba maji ya moto na wembe kwa jirani, nikapiga magoti kwenye udongo na ile kostimu. Miguu ilikaa ndani ya maji mpaka kucha zikalainika. Wakati nakata, nikamupigia hadithi za Kampene, za kweli na zile zingine. Alicheka mpaka muguu ukaruka. Nikamuambia, «Tulia, muzee, nitaondoka na kidole.» Akacheka zaidi. Kisha akapapasa vidole vyake, pole pole, kimoja kimoja, akasema, «Yoeli alikuwa anakata vizuri kukupita. Lakini hakujua kuchekesha.»

Halafu akauliza, «Utarudi?»

Nikasema nitarudi. Na pale, shemeji, nikakumbuka swali ya Pasta. Nilikuwa nimeshajibu. Sikungoja Jumapili. Nilienda moja kwa moja kwa Pasta na magoti yenye udongo, nikamuambia ndiyo, niko tayari. Aliangalia suruali yangu, kisha akanipa mukono.

Kwa hiyo Jumapili wananiwekea mikono. Dada anapiga pasi tangu leo. Ningetaka uwe pale. Ningetaka sana, Yoeli.

Pumzika sasa. Ahadi yangu ni hii. Kama kulikuwa Muzee Ramazani, wengine pia walikuwako, na wewe ulikufa bila kusema ni akina nani. Nitapiga hodi kila nyumba ya Alunguli, niulize, «Yoeli alikuwa anakuja kukufanyia nini?» mpaka niwajue wote. Na kile nitakachowafanyia, sitamuambia muntu.

Isipokuwa wewe.

Shemeji yako,
Tambwe