Tupo, kwa Herufi Zote

Mdogo wangu mtukutu,

Huku sote wazima. Shangazi kapata miwani mipya, sasa anaona hata vumbi nililokuwa nalificha chini ya kapeti. Mimi bado ni yuleyule wa kusahihisha insha, wino mwekundu mpaka kwenye kiwiko.

Unakumbuka nilivyokugombeza kwa kuniandikia "xaxa" na "2po"? Nilikwambia namba si herufi, ukanijibu, "xawa mwl." Basi wiki tatu hizi simu yako inaandika Kiswahili sanifu: "Dada mpendwa, tupo salama. Kazi inaendelea vizuri." Mkato upo, nukta ipo. Nikafurahi kama mjinga, nikamwonyesha shangazi. Akasoma mara mbili, akauliza, "Huyu ni nani?"

Nikipiga, inakatwa. Juzi nikaandika, "Mama anakusalimu." Jibu likaja papo hapo: "Nami namsalimu sana. Asiwe na wasiwasi."

Mama tulimzika wewe na mimi, mwaka wa sita huu.

Kwenye simu bado namjibu huyo anayejifanya wewe kwa adabu, asije akashtuka. Barua hii anayo dereva anayekuja kupakia vigae hapo kiwandani kwenu. Nimemwambia akupe wewe mkononi, si msimamizi, si mwenzako wa chumbani. Akikukosa, anajua pa kwenda kuripoti.

Mpe dereva karatasi yenye neno moja tu, kwa mwandiko wako. Liharibu utakavyo. Safari hii sisahihishi.

Dada yako,
mwl