Gari Nililolitilia Chang'aa

Mjukuu wangu Chebet,

Chamgei, hujambo? Hapa Mogogosiek tuko salama. Nyanya yako anakusalimu, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Umeniuliza kama kweli gari linaweza kutembea kwa pombe. Linaweza, lakini swali lako limeniamshia hasira.

Nilikuwa fundi wa magari katika shamba la chai, miaka ile petroli ilipoadimika. Mchumaji mmoja, Nyaboke, alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Meneja alikuwa na petroli stoo, akakataa kuifungua. Basi nikatafuta chang'aa iliyopikwa mara tatu, kali hata ikashika moto. Nikapanua tundu la kabureta ya gari la meneja ili pombe ipite kwa wingi, nikawasha injini kwa petroli kidogo niliyokuwa nayo, kisha nikaitilia chang'aa. Gari likakohoa, kisha likatufikisha hospitalini Kericho. Mama na mtoto wakapona.

Kesho yake meneja akanifokea, "Umelewesha gari langu! Omba msamaha!"

Nikaomba, na bado akanifuta kazi. Mpaka leo damu inanichemka, Chebet. Nyaboke alikuwa hospitalini akinyonyesha mtoto wake, na mimi nimeinamisha kichwa mbele ya yule mtu, nikisema samahani.

Ni mimi babu yako.